Juu ya Vitabu Visivyonunuliwa

Wasomaji wetu wenye kutunza maktaba ya parokia au ya shule, inafaa wajue shauri lililotokea Ufaransa, maana linawagusa wao pia. Mwezi wa juni 1995 watu wa chama cha Front National walishika uongozi wa miji ya Orange na Marignane. Huko Marignane kazi yao ilionekana upesi: maktaba ya mji iliacha kupokea magazeti Libération na La Marseillaise, yenye kuelekea upande wa kushoto, na mahali pake yakaletwa Présent na National Hebdo, magazeti ya upande wao wenyewe.

Orange mambo yalikwenda kimya zaidi. Watunza maktaba walipeleka orodha ya vitabu vya kununua, nayo ikarudi kutoka ofisi ya meya majina mengine yamefutwa. Hata hadithi za nchi za kigeni hazikupona. Mwaka 1996 wakaguzi wa serikali walikuja kuchungua. Sisi tunaona ubaya wa Orange kuwa mkubwa kupita ule wa Marignane. Gazeti likiondolewa, wasomaji wake huuliza liko wapi. Kitabu kisichonunuliwa, nani atakiulizia? Hata Indeksi ya Kanisa letu, iliyopoteza nguvu ya sheria mwaka 1966, ilitaja wazi majina ya vitabu ilivyokataza.

Meya wa Orange, Jacques Bompard, alijitetea kwamba anarudisha usawa tu, kwa sababu maktaba ilikuwa imeelemea upande wa kushoto. Tusimcheke upesi. Mtunza vitabu naye ni mtu mwenye mapendeleo yake. Tena fedha hazitoshi, na anayechagua kumi anaacha mia. Yawezekana kweli maktaba ile iliinama. Lakini anayetaka usawa huongeza kilichopungua, hafuti orodha ya mwenzake. Na mtu anayeomba kura za watu, namna gani atashika yeye mwenyewe mizani ya mawazo ya wapinzani wake?

Sheria ya tarehe 21 desemba 2021, iliyoletwa na seneta Sylvie Robert, inataka maktaba za miji ziwe na vitabu vya mawazo mbalimbali, bila kuchujwa juu ya itikadi, politiki au dini. Maneno mazuri, lakini meya yeyote atasema anayatii. Kifungu kingine kina nguvu zaidi: maktaba sharti zipange mwelekeo wao wa kuchagua vitabu na kuueleza mbele ya halmashauri ya mji. Hapo angalau msomaji anaweza kulinganisha maneno na vitabu vyenyewe. Ila sheria hiyo inakubali halmashauri ipige kura baada ya maelezo, na kwa kawaida walio wengi katika halmashauri ni watu wa meya. Jambo hilo linatutia wasiwasi.

Tungependa kila maktaba iandike pia vitabu vilivyoombwa vikakataliwa, na jina la aliyekataa, na sababu yake, kusudi msomaji akiuliza aonyeshwe. Kwa maktaba ya parokia, daftari moja la shule linatosha.