Damu ya Chokoleti

Niseme mapema ili tusisumbuane: mimi ni mtu wa filamu za kutisha za bei rahisi. Nipe nyumba moja, waigizaji sita ambao hakuna anayewajua, taa mbili na mlango unaokwaruzwa kutoka nje, na sitatoka kitini. Zile za mamilioni ya dola, zenye mazombi elfu kumi wanaopanda ukuta kama siafu, natazama nikila njugu. Nafurahia, nazima, nalala fofofo. Na filamu ya kutisha inayokuacha ulale fofofo ina shida mahali.

Lakini kuna uongo ambao sisi mashabiki tunapenda kuambiana, kwamba umaskini wa bajeti ni sifa. Ati filamu ikiwa imetengenezwa kwa pesa kidogo, basi moja kwa moja ina roho. Zii. Nimetazama nyingi ambazo hazikuwa na pesa na roho pia hazikuwa nayo. Kwa nini basi nyingine za bei rahisi zinatisha hadi leo, na nyingine hata kuchekesha haziwezi?

Tuanze na mzee wa kazi. Night of the Living Dead ilitoka 1968. George Romero na wenzake walikuwa vijana wa Pittsburgh waliozoea kutengeneza matangazo ya biashara. Walianza kwa kuchanga: watu kumi, kila mtu dola 600. Hiyo ni chama, bana. Mpaka mwisho filamu ilikula kama dola 114,000, pesa ambayo Hollywood ya wakati huo ingeiita ya chai. Damu ilikuwa shira ya chokoleti, ile ya kumwagia aiskrimu, kwa sababu picha ni nyeusi na nyeupe na hakuna ambaye angejua rangi yake. Nyama wanayotafuna wale wafu ilitoka buchani. Muziki hawakutungiwa, waliutoa kwenye maktaba ya muziki uliokuwa tayari umerekodiwa.

Sasa angalia upungufu huo ulifanya nini. Hawakuwa na uwezo wa kuonyesha nchi nzima ikiporomoka, kwa hivyo nchi inaporomoka kwenye redio na televisheni ya ile nyumba, huku watu wamekaa wanasikiliza. Hawakuwa na mahali pengi pa kupigia picha, kwa hivyo watu saba wanafungiwa kwenye nyumba moja ya shambani na kulazimika kuvumiliana. Ben anataka wabaki juu, wapigilie mbao madirishani. Harry Cooper anataka wote waingie chini, wajifungie. Wafu walio nje ni wazembe, hata mtoto anaweza kuwakimbia. Kinachoua watu ni ule ubishi ulio ndani. Kama umewahi kuishi kwenye ploti ambapo geti liliharibika, wapangaji wakabishana mwezi mzima nani alipe fundi hadi wezi wakaingia, basi hii filamu unaijua tayari.

Mara ya kwanza niliitazama kwenye kibanda cha mabati, benchi za mbao, kiingilio shilingi 10. Kawaida pale tulikuwa tunatazama filamu za ngumi zilizotafsiriwa na DJ Afro, kelele juu, watu wanacheka kabla hata ya mzaha kuisha. Siku hiyo diski ya filamu tuliyolipia ilikwama, mwenye kibanda akaweka aliyoipata. Haikuwa na DJ, haikuwa na rangi. Tulicheka tangu mwanzo. Tulicheka nywele, tukacheka jinsi Barbra anavyoanguka akikimbia, tukacheka wafu wanavyotembea kama walevi wa mwisho wa mwezi.

Halafu ikafika asubuhi. Ndani ya filamu, namaanisha. Ben, anayeigizwa na Duane Jones, mwanamume Mweusi peke yake kwenye ile nyumba, amevuka usiku mzima. Wengine wote wamekufa. Anasikia watu nje, wanaume wenye bunduki na mbwa wanaosafisha eneo. Anapanda kutoka chini, anasogea dirishani kuchungulia. Risasi moja. Kisha picha inasimama. Tunaona picha mgando tu, chengachenga kama za gazeti: ndoano za nyama, mwili ukiburutwa, moto.

Hakuna aliyecheka. Nyuma yangu jamaa mmoja akasema polepole, “Wamemdhania.” Hakuongeza kitu, na hakuna aliyemuuliza anamaanisha nini. Mtaani kwetu neno hilo tunalijua. Ndilo hutolewa baada ya kijana kupigwa risasi akitoka kazini usiku: alidhaniwa.

Romero alieleza mara nyingi kwamba Ben hakuandikwa awe mtu Mweusi. Duane Jones alipewa nafasi kwa sababu aliwashinda wengine kwenye majaribio. Lakini filamu ilipotoka Oktoba 1968, Martin Luther King alikuwa ameuawa miezi sita tu iliyopita. Nusu karne baadaye, kwenye mabati yetu, ile risasi bado ilikuwa na mtu wa kumfikia. Na hebu piga hesabu yake: mlio mmoja wa bunduki na picha chache za mgando. Hilo ndilo tukio la bei rahisi zaidi kwenye filamu nzima, na ndilo ambalo hakuna studio imewahi kuweza kulinunua.

Nafikiri jibu langu liko hapo. Pesa kidogo haitishi mtu. Kinachotisha ni mtu anayejua anaogopa nini, halafu anautumia upungufu alio nao kukusogeza karibu na hicho kitu. Oren Peli alitengeneza Paranormal Activity kwa takriban dola 15,000, ndani ya nyumba yake mwenyewe San Diego. Hakuwa na jitu la kutuonyesha, kwa hivyo aliweka kamera kwenye kona ya chumba cha kulala, akaiacha. Tunaangalia watu wawili wamelala na mlango ulio wazi. Saa inakimbia pale chini ya picha. Mlango unasogea kidogo tu. Wewe mwenyewe ndiye unayefanya kazi yote ya kuogopa, unakagua kila kivuli kama askari wa zamu ya usiku. Filamu zilizofuata za mfululizo huo zilipata pesa zaidi na zikaanza kutuonyesha vitu zaidi. Hofu yangu ilipungua kila walipoongeza.

Kwa upande wa pili kuna Colin, filamu ya Uingereza ya 2008. Marc Price alisema imemgharimu paundi 45. Wazo lake ni tamu: tunamfuata zombi mmoja tangu anapoumwa, dunia tunaiona tukiwa upande wake. Lakini enyewe, niulize nini kinatokea katikati ya filamu hiyo na nitakwambia kamera inatikisika. Kila mtu aliyenisimulia alianza na zile paundi 45 na kuishia hapo. Bei ikishakuwa ndiyo stori, filamu imegeuka kuwa risiti. Nampa Price heshima ya kumaliza kazi, maana wengi hawamalizi. Sitajifanya nilitishika.

Ambayo ingeweza kuishia kuwa risiti na ikakataa ni One Cut of the Dead, ya Japani, 2017. Kama hujaiona, ruka aya hii, nenda uitazame, tutakusubiri. Shinichiro Ueda aliitengeneza kwa takriban yeni milioni 3, na waigizaji wasiojulikana. Dakika 37 za kwanza ni shoti moja bila kukata: kikundi kinapiga filamu ya zombi kwenye jengo lililoachwa, wakavamiwa na mazombi wa kweli. Na ni mbovu. Watu wanakaa kimya bila sababu, mmoja anatoka nje ghafla, kamera inalala chini. Nilikaribia kuzima. Kisha hadithi inarudi mwezi mmoja nyuma, tunaelezwa kwamba ile ilikuwa kipindi cha televisheni cha moja kwa moja, na tunaonyeshwa kila kosa lilitoka wapi. Mwigizaji amelewa chakari. Mwingine tumbo linamwendesha. Kreni ya kamera imevunjika, kwa hivyo ile shoti ya juu kabisa ya mwisho inapatikana kwa watu kupandana mabegani, mnara wa binadamu, wote wanatetemeka, mwongozaji akiwa miongoni mwao. Nilianza nikiwacheka, nikamaliza macho yamelowa. Hofu ya filamu hiyo haiko kwa zombi hata kidogo. Ni ile hofu ya mtu aliyeahidi kazi, vitu vinaharibika mikononi mwake, na saa inahesabu.

Tukirudi nyumbani, nina malalamiko. Huwa natumiwa filamu fupi za zombi za vijana wenzangu, na nazitazama zote hadi mwisho, hiyo ni adabu. Nyingi zinafanana. Unga usoni, tomato sosi mdomoni, virusi vimetoroka maabara, na shujaa anachomoa bunduki chini ya kitanda. Jamani, bunduki ya nani? Ni Kenya gani hii ambayo kila keja ina bunduki? Mtu wa bedsita ana sufuria, mwiko, na panga la kuazima kwa jirani. Ana geti ambalo ufunguo uko kwa keyteka, na keyteka ameenda ushago. Ana tokeni za stima zinazoisha saa tano usiku wakati kitu kinakwaruza mlango. Hayo yote ni ya bure, na yanatisha kuliko maabara ambayo huna uwezo wa kuijenga.

Halafu kuna zombi mwenyewe. Tumemkopa kwa Wamarekani bila kuuliza alitoka wapi. Alitoka Haiti, kwenye kumbukumbu za utumwa, na hapo mwanzo hakuwa mla watu. Alikuwa maiti anayefanyishwa kazi. White Zombie ya 1932, nayo ya bajeti ndogo, iliyopigwa kwa kuazima seti za studio ya Universal, ina tukio moja ambalo halijazeeka. Kiwanda cha sukari kinaendeshwa na wafu. Mmoja anaserereka na kutumbukia kwenye mashine ya kusaga miwa. Wenzake hawageuki. Wanaendelea kusukuma, na mashine inaendelea kulia.

Na sisi tunaozungumza Kiswahili tuna neno lake, hata hatuhitaji kukopa. Msukule. Majirani wa Tanzania wamesimuliana habari zake kwa muda mrefu: mtu amezikwa, watu wamelia, wamekula matanga, kumbe amechukuliwa kichawi na sasa analima shamba la mtu usiku, bila sauti, bila mshahara. Hofu ya msukule si kuliwa ubongo. Ni kwamba hata ukifa, bado kuna mtu atakuamsha uende kazini. Niambie kijana wa kibarua anayepanga foleni kwenye geti la kiwanda alfajiri hiyo hofu hataielewa. Bongo walishajaribu kupeleka hofu za nyumbani kwenye video miaka ya 2000, Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi zikiwemo, kwa vifaa ambavyo simu yako inavishinda.

Hata hapa Kenya tuna ushahidi. Kati Kati ya Mbithi Masya, 2016, haijiiti filamu ya kutisha, na mimi naiweka kwenye rafu hiyo bila aibu. Kaleche anazinduka nyikani bila kukumbuka chochote, anafika kwenye loji, anaambiwa kwamba amekufa. Wote waliopo pale wamekufa. Hakuna damu wala anayemkimbiza mtu. Kuna nyasi, jua, vyumba vichache, na watu wanaovamiwa na weupe mwilini kwa sababu kuna jambo walilolifanya au kufanyiwa ambalo hawataki kulitazama. Mahali ni pamoja, watu ni wachache, na nchi nzima imo ndani yake.

Kwa hivyo ukiniuliza kama usubiri pesa, nitakwambia usisubiri. Lakini usianze na kamera pia. Anza na lile jambo ambalo likitajwa kwenu watu hunyamaza, kama kibanda kilivyonyamaza siku ile. Ukilipata, damu iwe ya chokoleti, tomato sosi au maji ya ribena, hakuna atakayeuliza. Usipolipata, hata ukipewa mamilioni utanijengea ukuta na siafu.

Ukimaliza, nitumie. Nitakuja na njugu zangu kama kawaida, nikiomba zirudi nyumbani kama zilivyokuja.