Mchungaji, Mfugaji na Mtu wa Mshahara: Usomaji wa Biblia ya Kiswahili Mjini Babati

Usomaji wa Biblia unaofanywa na Mkristo wa kawaida aghalabu hutazamwa kwa jicho la upungufu: hana elimu ya teolojia, hajui Kiebrania wala Kigiriki, hivyo huelewa nusunusu. Mtazamo huo unasahau kwamba msomaji haiendei matini mikono mitupu. Hans Robert Jauss aliita upeo wa matarajio ule mzigo wa tajriba na lugha ambao msomaji huja nao. Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, unaonesha jinsi upeo huo unavyoweza kufichua jambo lililofunikwa na tafsiri yenyewe.

Babati ni makutano ya lugha. Kigorwaa na Kiiraqw ni za Kikushi, Kibarabaigi ni ya Kinailoti, Kimbugwe na Kirangi ni za Kibantu. Kiswahili huwakutanisha wasemaji wake sokoni, shuleni na ibadani. Hata hivyo, tafsiri ya Muungano ya 1952, iliyokusudiwa kuchukua nafasi ya Biblia za Kiunguja na Kimvita, ina harufu ya pwani: Pilato ni liwali, na ofisa wa jeshi la Kirumi ni akida. Maneno ya aina hii hayamdanganyi msomaji, kwa kuwa anajua kwamba hayajui, naye huuliza. Lenye hatari zaidi ni neno analodhani analijua. Mchungaji ni mojawapo.

Katika Kiswahili cha maeneo ya mifugo, mwenye ng'ombe na kondoo huitwa mfugaji. Mchungaji ni yule anayewapeleka malishoni, mara nyingi kijana wa nyumbani au mtu aliyeajiriwa. Kanisani, hasa kwa Walutheri na Wapentekoste, neno hilohilo ni cheo cha kiongozi wa usharika. Katika Yohana 10, mchungaji mwema anatofautishwa na mtu wa mshahara, na kigezo ni umiliki: kondoo si mali ya huyu wa pili. Kwa msomaji wa Babati tofauti hiyo inapinduka, kwani anayemfahamu kuwa mchungaji ndiye hasa anayeweza kuwa mtu wa mshahara. Biblia ya Habari Njema ya miaka ya 1990, pamoja na kurahisisha mengi, nayo ilibaki na mchungaji.

Je, mfugaji lingefaa zaidi? La. Neno hilo lina umiliki, lakini halina vumbi la malishoni. Anayesimuliwa katika Yohana 10 anaunganisha mambo ambayo Kiswahili cha Babati huyatenganisha: ni mwenye mali anayekwenda mwenyewe mahali ambapo kwa kawaida hutumwa kijana, akabaki huko hata mbwamwitu anapokuja. Ajabu ya mfano huo imo katika muungano huo, na mwenye maneno mawili ana nafasi nzuri ya kuiona kuliko mwenye moja.

Ezekieli 34 inathibitisha thamani ya maarifa hayo. Humo wachungaji wanashutumiwa kwa kujilisha wenyewe, huku Mungu akidai kondoo kuwa ni wake. Uhusiano huo ni wa mwenye mifugo na waliokabidhiwa, na mkazi wa Babati anaujua bila kufafanuliwa. Mahubiri yanayomfanya mchungaji mwema wa Yohana kuwa kielelezo cha moja kwa moja cha kiongozi wa usharika huziba swali ambalo msomaji huyo ana haki ya kuuliza: kondoo ni wa nani?

Tajriba peke yake haitoshi. Wapo wakazi wa mji ambao hawajawahi kuchunga, na anayesoma sura moja bila nyingine anaweza kulazimisha ya malishoni juu ya matini. Kinachohitajika ni kulinganisha sura kwa sura, neno kwa neno. Kazi hiyo haimhitaji mwenye shahada peke yake. Inamhitaji pia anayejua kwamba kuchunga na kumiliki ni mambo mawili.