Cheo cha Mwanagenzi

Mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa huko Marekani mchezo wao wa Dungeons & Dragons, mpiganaji wa daraja la kwanza walimpa jina la mkongwe wa vita. Jina hilo lastahili kutazamwa. Aliyeingia ulingoni jana anaitwa mkongwe. Akifika daraja la nne ndipo huitwa shujaa, na ushujaa wenyewe una hesabu yake, kwani katika kanuni za Chainmail za mwaka 1971 shujaa mmoja hupigana sawa na watu wanne.

Kwa mwanagenzi, tarakimu ni mwongozo mwema: humwonyesha nani wa kukabiliwa na nani wa kuepukwa. Lakini pale vita vinapopiganwa kwa maandishi matupu, bila dadu, anayekiri jeraha ni mwandishi, si namba. Hapo ndipo wenye madaraja makubwa huandika ovyo, maana ushindi wao umekwisha kuamuliwa kabla ya sentensi ya kwanza, na mgeni hufunzwa kuhesabu kabla ya kufunzwa kusimulia.

Nasi tunao mashaha na malenga. Hata hivyo, Muyaka bin Haji wa Mombasa alipojibizana na washairi wa Lamu, silaha yake ilikuwa beti. Na ubeti uliopungukiwa mizani hausitiriwi na cheo mbele ya wasikilizaji. Mgeni wa michezo ile ningempa kwanza mpinzani mvumilivu, aliye tayari kuanguka kwa pigo lililoelezwa vyema. Jedwali la nguvu lingefuata baadaye.