Kufuli Linalosubiri Kidole Chako

Skrini inageuka buluu. Sauti ya kike ya mashine inarudia kwa Kiingereza kwamba kompyuta imeambukizwa, kwamba taarifa za benki zinaibiwa sasa hivi, kwamba usithubutu kuizima. Juu ya buluu hiyo vimepangwa vidirisha vitatu vinne vyenye nembo ya Windows Defender: kimoja kinahesabu virusi, kingine kinataja mji wako na kampuni inayokuuzia intaneti. Katikati pana namba ya simu. Mshale wa kipanya hauonekani, kitufe cha Esc hakijibu, na ile alama ya kufungia dirisha haipo. Anayeona hayo kwa mara ya kwanza ana kila sababu ya kuamini kwamba kompyuta yake imefungwa.

Haijafungwa. Kilicho mbele yake ni ukurasa wa tovuti, sawa na ukurasa wa gazeti au wa matokeo ya mitihani: maandishi, picha, faili moja la sauti na mistari ya JavaScript. Ukurasa wa kawaida hauna ruhusa ya kufungua folda zako wala ya kuchunguza diski. Ile kaunta ya virusi ni namba iliyoamriwa kupanda, na ingepanda vilevile kwenye kompyuta iliyotoka dukani leo asubuhi. Vidirisha vya Defender ni michoro. Hata mandhari ya nyuma mara nyingi ni picha tu ya ukurasa halisi wa Microsoft, iliyopigwa na kubandikwa.

Jina la mji ndilo huwashtua wengi, kwa hiyo tulieleze. Kila tovuti unayoitembelea huiona anwani ya IP ya muunganisho wako, na zipo hifadhidata zinazokisia mahali kutokana na anwani hiyo. Ni makisio. Ndiyo maana mtu aliyeko Iringa anaweza kuambiwa yuko Dar es Salaam, kwa sababu huko ndiko mtandao wa kampuni yake unakotokea. Tapeli hajakuona, amesoma kile ambacho kila tovuti inakisoma, kisha akakiandika kwa herufi nyekundu.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo penye ufundi, na kwa maoni yangu ndipo maelezo mengi ya magazetini yanapopapita haraka mno. Vivinjari vya leo haviuachii ukurasa ufanye utakavyo. Chrome, tangu mwaka 2018, huzuia sauti isijipigie yenyewe mpaka mtumiaji awe amegusa ukurasa. Kujaza skrini nzima kunahitaji mbofyo au kitufe kilichobonyezwa na binadamu. Lile swali la kivinjari linalouliza kama una hakika unataka kuondoka halitokei kama hujaugusa ukurasa kabisa, na tangu 2016 Chrome hairuhusu tovuti iandike maneno yake yenyewe ndani ya swali hilo. Ipo pia ruhusa ya kuteka kibodi, iliyowekwa kwa ajili ya michezo na kwa wanaofanyia kazi kompyuta ya mbali, inayowezesha ukurasa kupokea vitufe kama Esc na Alt+Tab kabla havijafanya kazi yake ya kawaida. Nayo hufanya kazi skrini nzima ikiwa imejazwa tu.

Ukiyaweka hayo pamoja utaona jambo moja: ukurasa wa tapeli, unapofika, ni dhaifu. Uko ndani ya dirisha la kawaida, kichupo chake kinaonekana juu, anwani yake inaonekana, hauna sauti. Unaweza kuuficha mshale wa kipanya kwa mstari mmoja wa msimbo, lakini ndani ya eneo lake tu. Ukisogeza kipanya hadi juu kwenye vichupo, mshale unarudi. Nguvu zote nyingine ukurasa unazihitaji kutoka kwako, na njia ya kuzipata ni mbofyo mmoja.

Ndiyo maana ukurasa huo hujaza vitu vya kubofya. Kuna kitufe cha kughairi, kitufe cha kuendelea, alama ya X kwenye pembe ya kidirisha bandia. Vyote ni kitu kimoja. Mara nyingi hata usipolenga kitufe chochote, ukabofya popote pale, msimbo unalipokea tendo hilo kama ridhaa: skrini inajaa, sauti inaanza, kibodi inatekwa. Aliyebofya ile X akitaka kujiokoa ndiye aliyekamilisha kufuli. Ni ujanja mzuri, nikiri, kwa sababu kanuni iliyotungwa kumlinda mtumiaji, ya kwamba pasitokee kitu bila yeye kutaka, imegeuzwa kuwa ngazi ya kumpandia.

Kwa hiyo dawa ya mwanzo ni kutogusa kitu chochote kilichomo ndani ya ukurasa. Funga kichupo kwa alama yake iliyoko juu, kwenye kivinjari chenyewe, au bonyeza Ctrl+W.

Kama umeshabofya na skrini imejaa, shikilia kitufe cha Esc kwa sekunde mbili tatu bila kukiachia. Kukigonga mara moja hakusaidii, maana mbonyezo huo mmoja ndio ukurasa umeuteka. Watengenezaji wa Chrome waliacha makusudi mlango huu: Esc iliyoshikiliwa hukutoa kwenye skrini nzima hata kibodi ikiwa imetekwa. Hilo likishindikana, kuna Ctrl+Alt+Delete. Mchanganyiko huu una hadhi ya pekee katika Windows tangu enzi za Windows NT, kwani mfumo wenyewe huupokea kabla ya programu yoyote, na hakuna tovuti inayoweza kuuzuia. Fungua Task Manager, chagua kivinjari, kikatishe. Kwenye Mac ni Command, Option na Esc kwa pamoja. Kuzima kompyuta kwa kitufe chake cha umeme nako hufaa. Utapoteza kazi ambayo hukuihifadhi, basi.

Ukifungua kivinjari tena, kitakuuliza kama kikurudishie kurasa zilizokuwa wazi. Kataa. Na kama kimezoea kuzirudisha chenyewe bila kuuliza, kata intaneti kwanza, kifungue, ukurasa ushindwe kupakia, ukifunge kichupo, kisha rudisha intaneti.

Tatizo hili la kurudishiwa lina historia. Mwaka 2013 Malwarebytes, kampuni ya usalama wa kompyuta, walieleza ukurasa uliowalenga watumiaji wa Safari kwenye Mac, ukijifanya umetoka FBI na kudai faini ya dola 300. Haukuwa na kirusi chochote. Ulikuwa umebeba fremu 150 zilizofichwa, na kila moja ilileta swali lake la kama unataka kuondoka, hivyo aliyejaribu kuufunga alichoka kabla ya kufika mwisho. Aliyekata tamaa na kukizima kivinjari kwa nguvu alipokifungua alikuta Safari imemrudishia ukurasa uleule, kwa wema wake. Ukurasa huo uliiga programu za kweli za kufunga kompyuta, kama Reveton, iliyowatesa watu Ulaya na Marekani mwaka 2012 kwa jina la polisi; ila Reveton ilihitaji kuingia ndani ya mashine, na huu haukuhitaji kuingia popote.

Tangu hapo umekuwa mchezo wa kuziba tundu na kutoboa jingine. Mapema 2017 tundu lilikuwa kwenye iPhone: kidirisha cha onyo kilichojirudia bila kikomo kiliifanya Safari yote isitumike, na matapeli wakadai kadi za zawadi za iTunes. Kufuta historia ya Safari kwenye mipangilio kulitosha kuwaondoa, na Apple wakaliziba kwa iOS 10.3 mwezi Machi mwaka huo, kwa kukifungia kidirisha ndani ya kichupo kilichokileta. Mwaka 2018 zamu ikawa ya mshale wa kipanya wenyewe: ukurasa uliubadilisha kwa picha kubwa isiyoonekana sehemu yake kubwa, mshale unaouona ukawa pembeni ya mahali unapobofya kweli. Ulilenga alama ya kufunga, mbofyo ukaangukia pengine. Kwenye Firefox kulikuwa na kidirisha cha kuomba jina na nenosiri kilichoweza kuletwa tena na tena bila kumpa mtu nafasi ya kuondoka. Kasoro hiyo iliripotiwa mwaka 2007 na mwaka 2018 matapeli walikuwa bado wanaitumia. Miaka kumi na moja.

Watu hufikaje huko? Nasaha ya kwamba usibofye viungo vya kutiliwa shaka inatolewa kila mahali na haitoshi. Mwaka 2022 Malwarebytes walionyesha matangazo yaliyowekwa ndani ya matokeo ya utafutaji ya Google: mtu aliandika youtube au facebook, akabofya tokeo la juu kabisa, akatua kwenye skrini ya buluu. Hakuna cha kutilia shaka hapo. Wengine hukosea herufi moja ya anwani. Na ukurasa wenyewe mara nyingi huhifadhiwa kwenye huduma za wingu za makampuni makubwa, ikiwemo Azure ya Microsoft, ambako anwani huishia na windows.net, jambo linaloufanya uongo uonekane rasmi.

Zaidi ya hapo, seva ya tapeli huchagua wa kumwonyesha. Anayetokea nchi inayolengwa, kwa kivinjari kinachofaa, kupitia tangazo husika, huonyeshwa kufuli. Mwingine huonyeshwa tovuti ya mapishi. Fundi wa ofisi akiifungua anwani ileile kesho yake haoni kitu, na mfanyakazi aliyeripoti huonekana kama ameota.

Namba ya simu ndiyo biashara. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stony Brook, New York, walijenga mfumo wa kuzitafuta kurasa hizi na mwaka 2017 wakatoa matokeo yao: majina ya vikoa zaidi ya 8,000 na namba za simu zaidi ya 1,500. Kisha wakawapigia matapeli 60 wakijifanya wameathirika. Kwa wastani tapeli alichukua dakika 17 hivi kufika kwenye bei, na bei ilikaribia dola 290. Wengi wao walikuwa India. FBI kwa upande wake iliandika hasara ya zaidi ya dola milioni 900 kwa utapeli wa msaada wa kiufundi kwa mwaka 2023, na wazee wa zaidi ya miaka 60 ndio walioumia zaidi.

Ndani ya hizo dakika, mpigaji huombwa asakinishe AnyDesk au TeamViewer, programu halali za kuendesha kompyuta kwa mbali. Hapo ndipo tapeli anapoingia kweli, kwa mara ya kwanza. Hufungua Event Viewer, daftari la Windows linaloandika kila kitu kilichokwama, ambalo kwenye mashine nzima kabisa hujaa alama nyekundu na za njano. Huendesha netstat, amri inayoorodhesha miunganisho ya mtandao, na kuyaita mawasiliano ya kawaida ya programu kuwa ni wadukuzi. Wengine humsomea mteja namba ndefu inayoanza na 888DCA60, kama kitambulisho cha siri cha kompyuta yake, kisha humwonyesha ikitokea kwenye skrini. Namba hiyo ni ileile katika kila Windows. Aliyekataa kulipa zamani alifungiwa kweli kwa syskey, zana ya Windows ambayo Microsoft waliiondoa katika toleo la Oktoba 2017. Na Microsoft wenyewe wanasema wazi kwamba ujumbe wao wa hitilafu hauna namba ya simu. Ukiiona namba, umeshapata jibu.

Aliyefika huko na kumruhusu mtu aingie akate intaneti mara moja, aiondoe programu hiyo, abadilishe manenosiri kwa kutumia kifaa kingine, na aipigie benki kwa namba iliyoko nyuma ya kadi. Ajiandae pia kupigiwa baadaye na mtu anayetaka kumrudishia fedha. Ni genge lilelile, au lililonunua orodha yake.

Watengenezaji wa vivinjari sasa wamegeukia njia nyingine. Badala ya kuziba kila tundu, wanaufundisha mtambo kuutambua ukurasa kwa sura na mwenendo wake. Edge ilianza kujaribu kizuizi cha namna hiyo mapema 2025, na mwezi Mei mwaka huo Chrome 137 ikaanza kutumia modeli ndogo ya akili bandia ya Gemini iliyomo ndani ya kompyuta yenyewe, ikiamshwa na dalili kama ukurasa kutaka kuiteka kibodi. Naona ni busara kuupima ukurasa pale mtumiaji anapouona, kwa kuwa seva ya tapeli huwadanganya wakaguzi lakini lazima imwonyeshe ukweli anayelengwa. Ila kwenye Chrome ulinzi huo ulianza kwa waliowasha ulinzi ulioimarishwa kwenye mipangilio, na wengi hawajawahi kuifungua sehemu hiyo.

Kufuli la buluu linawalenga hasa wasemao Kiingereza Marekani, Kanada, Uingereza na Australia, kwa hiyo ndugu zetu walioko huko, na hasa wazazi wanaowatembelea, ndio walio njiani. Huku kwetu, ambako watu wengi huingia mtandaoni kwa simu, jamaa yake ni ukurasa unaodai simu ina virusi kadhaa na kukuhimiza upakue programu ya kuisafisha, au unaoomba ubonyeze kitufe cha kuruhusu arifa ili kuthibitisha kwamba wewe si roboti. Ukibonyeza, maonyo huendelea kuja kila siku hata tovuti ikiwa imefungwa, na mwenye simu hudhani kirusi kimeshaingia. Hakuna haja ya fundi wala ya kufuta kila kitu. Fungua mipangilio ya Chrome, nenda kwenye mipangilio ya tovuti, kisha arifa, tafuta jina usilolijua katika orodha ya tovuti zilizoruhusiwa, na ulizuie.