Kalamu na Kisu: Juu ya Neno "Kuchora" na Picha za Unyanyembe

Neno kuchora limebeba mizigo miwili kwa kamba moja. Katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 maana mbili zasimama pamoja: kukata nakshi katika mti au kitu kingine kigumu, na kuandika umbo la kitu kwa kalamu. Fundi wa milango huchora, na mtoto mwenye penseli naye huchora. Katika mazungumzo ya kila siku jambo hili halimdhuru mtu, maana chombo kilichomo mkononi hueleza maana iliyokusudiwa. Lakini katika uhakiki wa picha chombo hakionekani tena. Kinachoonekana ni alama zake tu. Hapo neno moja kwa kazi mbili huweza kumpoteza hata mtazamaji hodari. Hasara hiyo yaonekana wazi tukizitazama picha za zamani za Unyanyembe, nchi ambayo ndani yake umesimama mji wa Tabora.

Kwanza tukumbuke mambo yalivyokuwa. Richard Burton na John Hanning Speke walifika Kazeh, penye Tabora ya leo, Novemba 1857, wakiifuata njia kuu ya misafara iliyounganisha pwani na Ujiji. Kitabu cha Burton cha mwaka 1860 kilikuwa na picha zilizotokana na michoro ya mkono wake. Speke alirudi Kazeh Januari 1861, safari hii pamoja na James Augustus Grant, Mskoti aliyezaliwa Nairn mwaka 1827. Walipokewa katika nyumba ya Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi, wakakaa hadi Machi. Grant hakuwa mchoraji wa ujira. Alikuwa ofisa wa jeshi la India, mkusanyaji wa mimea, na mtu aliyependa kuchora.

Yafaa kujua kwa nini alichora. Mwanzoni mwa safari alikabidhiwa kamera. Picha za wakati ule zilitakiwa kutengenezwa papo hapo, ndani ya hema dogo lenye giza, na joto la hema hilo halikuvumilika. Speke aliona kwamba kazi hiyo ingemuua mwenzake. Kamera ikaachwa, Grant akashika brashi na rangi za maji. Basi michoro hii, ambayo leo imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti mjini Edinburgh, ilizaliwa kwa sababu chombo kipya kilishindwa na jua, na chombo cha zamani kikavumilia.

Mwaka 1863 Speke alitoa kitabu chake cha safari, na jalada la ndani likasema kwamba picha nyingi zimetokana na michoro ya Grant. Neno zimetokana ndilo la kuangaliwa. Karatasi za Grant hazikuweza kuingia katika mashine ya chapa. Ilikuwa lazima msanii mwingine azichore upya; aliyeifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo ni Johann Baptist Zwecker, Mjerumani aliyekuwa akikaa London, ambaye hakuandamana na msafara ule. Kisha mafundi wa kisu walikata picha katika vipande vya mti mgumu. Leila Koivunen, katika kitabu chake cha mwaka 2009 juu ya picha za Afrika katika vitabu vya wasafiri wa Kiingereza, ameeleza kwa kirefu jinsi picha zilivyobadilika katika safari hii ya pili, safari ya kutoka karatasini hadi kitabuni.

Mabadiliko hayo hayakuletwa na nia mbaya peke yake, wala na ujinga peke yake. Mengine yaliletwa na kisu. Katika chapa ya mti, sehemu iliyokatwa hubaki nyeupe, na sehemu iliyoachwa hupokea wino. Wino wenyewe haujui kati: ama upo, ama haupo. Hakuna kijivu. Rangi ya maji, kwa upande wake, huishi katika hali ya kati. Tone moja la rangi likiongezwa maji hutoa daraja nyingi kutoka giza hadi nuru. Ili kuigeuza hali hiyo kuwa chapa, fundi alilazimika kukata mistari myembamba iliyolala sambamba, akaisogeza karibu palipotakiwa weusi na kuitenga palipotakiwa weupe. Mahali pa giza zaidi aliweka mistari inayokingamana. Jicho likiitazama kwa mbali hudanganyika, likaona kijivu kisichokuwapo.

Tena kisu hakivumilii mashaka. Mchoraji wa safari, akiwa na haraka, aweza kuuonyesha uso kwa mistari minne na doa moja la kivuli, akauacha mwingine ungali haujulikani. Kuacha huko ni aina ya uaminifu: hakuona vizuri, basi hakusema. Fundi wa mti hana ruhusa hiyo. Kila sehemu ya kipande chake lazima ikatwe au iachwe, na kila uamuzi hutoka katika kichwa chake na desturi ya mji wake. Hivyo ndivyo pua, bega na jani la mti wa Unyanyembe vilivyokamilishwa na watu wasiopata kuviona. Msomaji aliyezoea kusema kwamba "Grant alichora hivi" humshitaki Grant, au humsifu, kwa kazi ya mkono mwingine.

Haki yatutaka tuseme neno kwa ajili ya mafundi nao. Bila ya kisu chao wasomaji wa mwaka 1863 wasingeona chochote, maana rangi za Grant zilikuwa nakala moja tu duniani. Ustadi wao ulikuwa mkubwa. Kuugeuza moshi kuwa mistari bila ya kuupotezea umoshi wake si kazi ya kila mtu. Lawama yangu haiwahusu wao. Yawahusu wale wanaozinakili picha hizi katika vitabu vya historia na kuziita kwa jina moja, mchoro, kana kwamba jicho lililoona na mkono uliokata vilikuwa vya mtu mmoja.

Jambo hili lina uzito kwa wanaojifunza kuchora kwa kupenda tu, bila ya mwalimu. Mtu wa Chemchem, katika mji uleule wa Tabora, akitaka kujifunza kuchora nchi yake kama ilivyokuwa, huenda akachukua picha hizi na kuziiga kwa penseli. Atafanya nini? Ataiiga mistari sambamba moja baada ya moja, kwa uvumilivu mwingi, akidhani kwamba hiyo ndiyo njia ya kuonyesha weusi. Kumbe anaiga shida ya kisu. Penseli haina shida hiyo. Penseli yaweza kulazwa ubavu na kutoa kijivu kwa mpapaso mmoja. Yaweza kukandamizwa na kuregezwa. Alama yake yaweza kusuguliwa kwa kidole au kupunguzwa kwa kifutio. Mwanafunzi huyo amepewa ngalawa naye anaisukuma nchi kavu. Si kwamba mistari sambamba ni haramu kwa penseli. Wachoraji wakubwa wameitumia. Lakini waliichagua, hawakulazimishwa.

Kwa hiyo tabia ya kila kifaa yapaswa kuelezwa kwa Kiswahili kilicho wazi. Wazee wetu waliiita penseli kalamu ya risasi, wala hawakuwa peke yao, maana hata lugha za Ulaya zilidhani hivyo. Ndani yake hamna risasi. Mna madini meusi ya grafaiti, ambayo hupatikana pia katika ardhi ya Tanzania, kama vile Mahenge, yakichanganywa na udongo wa mfinyanzi na kuchomwa, kwa ufundi ambao Nicolas-Jacques Conté wa Ufaransa aliupatia hati mwaka 1795. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na alama yake hafifu. Grafaiti ikizidi, huwa laini na nyeusi. Herufi H na B zilizoandikwa ubavuni hazina siri nyingine. Makaa ya jikoni huacha weusi mzuri, lakini ni magumu na hukwaruza; makaa ya kuchorea hutokana na vijiti vyembamba vilivyookwa pasipo hewa, na alama zake hupeperuka zisipofungwa kwa dawa. Rangi za maji nazo ni unga wa rangi ulioshikwa kwa gundi ya miti ya jamii ya mgunga. Anayejua haya hatalaumu mkono wake kwa kosa la kifaa.

Limebaki suala la nuru. Vitabu vingi vya kufundisha kuchora vimeandikwa katika nchi ambazo jua halipandi juu ya kichwa, na humwambia mwanafunzi aweke nuru upande mmoja na giza upande wa pili. Tabora iko yapata digrii tano kusini mwa mstari wa Ikweta. Saa sita mchana kuta za tembe hazina upande wa giza. Weusi wote umejikusanya chini ya baraza na miguuni mwa miembe. Mwanafunzi anayefuata kitabu atachora jua la nchi nyingine. Husemwa kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Lakini katika sanaa hii, mwenye macho ndiye wa kuambiwa kwanza, kwa sababu kitabu humfumba.

Hapa lugha yetu ina akiba ambayo haijatumiwa. Tuna kivuli na tuna uvuli. Napendekeza kivuli kiwe lile umbo jeusi ambalo kitu hulitupa chini au ukutani, na uvuli uwe giza linalokaa juu ya kitu chenyewe, pale ambapo nuru haifiki. Kivuli kina ukingo, uvuli hufifia polepole; kwa hiyo huchorwa kwa namna mbili. Hali kadhalika mstari unaouzunguka mwili wa kitu tuuite mzingo. Mistari sambamba ya kutilia giza tuiite michanjo, ili jina lake likumbushe kisu ilikotoka. Na picha ya haraka isiyokamilika tuiite rasimu. Neno kuchora lenyewe tuliache kwa kazi ya kalamu, na kazi ya kisu tuiite kukata nakshi, au kukata chapa ikiwa ni kwa ajili ya kitabu.

Mtu aweza kusema kwamba lugha haiongozwi kwa mapendekezo, na kwamba fundi wa milango ataendelea kusema anachora. Aendelee, neno lilikuwa lake kabla ya penseli kufika. Lakini mhakiki anayeandika chini ya picha ya Unyanyembe ana wajibu mwingine. Aandike: rasimu ya Grant, imechorwa upya na Zwecker, imekatwa London. Maneno hayo machache yatamrudishia kila mtu kazi yake, na yatamfahamisha mpenzi wa kuchora kwamba picha anayoiiga si dirisha la Tabora ya mwaka 1861. Ni mti uliokatwa mbali na Tabora, kwa kufuata karatasi ya mtu aliyekuwapo. Akitaka dirisha, miembe na baraza viko palepale anapokaa, na penseli yake haidaiwi kitu na kisu.