Ute wa Nyati Unapotoboa Siri

Ng'ombe akiingia kwenye joto hupiga kelele, huwapanda wenzake, husimama apandwe. Mfugaji aliye macho hamkosi. Nyati wa maziwa ni msiri. Kipindi chake hupita kimyakimya, mara nyingi usiku, na msimu wa hari ndiyo kabisa. Kikishapita, mwenyewe anasubiri siku 21 nyingine huku akimlisha mnyama asiye na mimba.

India, ambako sensa ya mifugo ya 2019 ilihesabu nyati karibu milioni 110, hasara hiyo si ya kubeza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bharathidasan, Tiruchirappalli, waliacha kuhangaika na tabia za mnyama wakaugeukia ute wa njia yake ya uzazi. Matokeo yao yalichapishwa 2014 katika jarida la Biology of Reproduction.

Ute huo hubeba protini kutoka viungo kadhaa vya uzazi, na homoni zikibadilika, mchanganyiko nao hubadilika. Namna ya kuuchambua ni hii: sampuli za vipindi tofauti vya mzunguko hupangwa sambamba kwenye bamba la jeli, kisha umeme unapitishwa. Protini ndogo hupenya upesi, kubwa hujikokota nyuma. Jeli ikitiwa rangi, mistari inajitokeza, na jicho linatafuta ule uliopo siku ya joto tu. Mstari hauna jina, kwa hiyo protini zake hukatwakatwa kwa kimeng'enya, na mtambo wa kupima uzito wa molekuli huvitambua vipande kimoja kimoja.

Iliyojitokeza ni HSP-70, mojawapo ya protini za mshtuko wa joto. Joto hili si lile la wafugaji. Habari zake zilianzia 1962, Mwitaliano Ferruccio Ritossa aliporipoti kwamba kromosomu za nzi wa matunda huvimba mahali fulani zikipata joto kali. Kiswahili kina neno moja kwa hali zote mbili. Nyati naye, kumbe, ana protini moja.

Na hapo ndipo penye kigugumizi. Seli za nyati huongeza HSP-70 pia anapochomwa na jua, na msimu wa jua kali ndio huohuo ambao joto la kimya huwasumbua wafugaji zaidi. Kipimo cha kusema "ipo" au "haipo" kinaweza kumpoteza mhimilishaji, yule anayempandikizia nyati mbegu zilizogandishwa. Afadhali kiwe na shahidi wa pili, tuseme oviduktini, ambayo mirija ya mayai huitoa kwa msukumo wa estrojeni.

Mtambo wa maabara hauingii zizini. Kinachofaa pale ni kijiti cha karatasi chenye kingamwili, mfano wa kile cha kupimia mimba. Hata hicho kina pengo: yai la nyati hutoka saa kadhaa baada ya joto kwisha, na kijiti kilichogeuka rangi alfajiri hakisemi kama joto ndiyo kwanza linaanza au linaishia. Mhimilishaji atalazimika kuchukua ute tena jioni, ndipo aamue kuyeyusha mbegu.