Heshima ya Kisichohifadhiwa

Mtu anapojaza fomu ya mawasiliano kwenye tovuti, akaandika jina, barua pepe na ujumbe kisha akabonyeza kitufe cha kutuma, mara nyingi hakuna sababu ya kuweka chochote kwenye hifadhidata. Ujumbe humfikia mhusika kwa barua pepe na kazi imekwisha. Hata hivyo, maelezo hayo yana sheria zake: jina lisiwe tupu, anwani iwe na sura ya anwani, ujumbe usizidi urefu uliowekwa. Nazisifu hapa modeli zinazotunza sheria hizo bila kumiliki jedwali. Kwangu mimi, hii ni moja ya kazi safi kabisa katika uandishi wa programu.

Mazoea yalitufundisha vingine. Mwaka 2002 Martin Fowler, katika kitabu chake kuhusu usanifu wa programu za biashara, alieleza mtindo wa Active Record: kitu kimoja (object) ndani ya programu kinabeba mstari mmoja wa jedwali, pamoja na uwezo wa kujihifadhi. Miaka miwili baadaye David Heinemeier Hansson akatoa Ruby on Rails, mfumo wa kuundia programu za wavuti, na mtindo huo ukawa moyo wake. Unatangaza klasi, Rails inalitafuta jedwali lake yenyewe, inasoma safu zake, na sifa za klasi zinajitokeza bila wewe kuziandika. Raha ilikuwa ya kweli. Lakini wengi wakazoea kuona modeli na jedwali kuwa kitu kimoja, na kisicho na jedwali kikakosa makao. Sheria zake zikarundikwa kwenye kontrola, sharti juu ya sharti.

Walioiona kasoro hiyo walibuni hila. Katika matoleo ya mwanzo walirithi Active Record, kisha wakaandika upya mbinu ya columns ili irudishe orodha tupu na hifadhidata isiulizwe kitu. Uhakiki ulifanya kazi, ila klasi ilibaki na ahadi isizoweza kuzitimiza: ilikuwa na find, mbinu ya kutafuta rekodi kwenye jedwali, na ukiiita unapata kosa la jedwali lisilokuwapo.

Tiba ilikuja na Rails 3, Agosti 2010. Waandishi wake, Yehuda Katz akiwa miongoni mwao, waliyatenga yote yasiyohitaji hifadhidata, yaani uhakiki, ujumbe wa makosa, majina na tafsiri, wakayapa maktaba yake: Active Model. Rails 4, mwaka 2013, ikayafunga katika moduli moja. Tangu hapo fomu yetu inaandikwa hivi:

class Ujumbe
  include ActiveModel::Model
  attr_accessor :jina, :barua_pepe, :maudhui
  validates :jina, :barua_pepe, :maudhui, presence: true
end

Mistari mitano tu. Rails ikitaka kuchora fomu, inaiuliza modeli kama imeshahifadhiwa. Modeli hii hujibu hapana siku zote, na fomu inatumwa kama kitu kipya. Mtumiaji akiacha barua pepe wazi, uhakiki unakataa na ukurasa unarudi, maneno aliyokwisha kuandika yakiwa mahali pake, ilani ikiwa kando ya kisanduku husika. Ilani hiyo unaiandika kwa Kiswahili kwenye faili la lugha.

Ufundi huu hung'aa zaidi pale sheria zinapotegemeana. Chukua utafutaji wa safari ya basi: kituo cha kuondoka, kituo cha kufika, tarehe ya kwenda na ya kurudi. Vituo visifanane, na kurudi kusitangulie kwenda. Ukiupa utafutaji huo klasi yake, kanuni zote zinakaa mahali pamoja, na majaribio yake hayagusi hifadhidata hata mara moja. Anayeurithi msimbo hahitaji kuzisaka kurasa zote. Anafungua faili moja na kusoma programu inataka nini.

Kuna pia heshima kwa mtumiaji. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya 2019 na ile ya Tanzania ya taarifa binafsi ya 2022 zote zinataka tukusanye kinachohitajika tu kwa kazi iliyokusudiwa. Modeli isiyo na jedwali inaliweka sharti hilo ndani ya msimbo wenyewe, mradi kumbukumbu za seva nazo zichujwe. Kisichohifadhiwa hakiibiwi.

Si kila anayebisha hodi hulala, lakini kila mmoja hukaribishwa kwa utaratibu. Kabla ya kuunda jedwali jipya, fundi na ajiulize kama kuna atakayeyahitaji maelezo haya kesho. Kama hayupo, ayape jina, ayape sheria, ayapitishe salama, na hifadhidata aiachie yale yanayostahili kukumbukwa.